Mashindano ya mabweni mwaka mzima: namna ya kuyaendesha shule ya wavulana bila kuishia kwenye ngumi

Kila Januari kuna mwalimu anaitwa ofisini kwa mkuu wa shule, anaambiwa mwalimu mwaka huu wewe ndo utashika michezo na mashindano ya mabweni, anakabidhiwa filimbi na mpira mmoja uliochoka, basi, kazi imeanza. Bajeti hamna, ratiba hamna, na second master anataka fainali iwe kali kuliko ya mwaka jana. Haya ni kwa ajili ya huyo mwalimu, pia mapatron na viranja wa mabweni ambao wako likizo wanajiuliza mwakani watafanyaje. Nimeyapanga kwa kalenda ya Tanzania, shule ya bweni ya wavulana yenye O-level na A-level. Kama yako ni ya kutwa toa habari ya usafi wa mabweni, mengine yote yanafanya kazi vilevile.

Shika hili kwanza maana mengine yote yanatoka hapa: dogo asiyejua mpira ndo anatakiwa aamue bingwa. Ukiiachia shule ya wavulana ijiendeshe yenyewe, mashindano ya mabweni yanageuka ligi ya mpira tu, hausi (yaani timu ya bweni) yenye straika mzuri inajulikana bingwa mwezi wa tatu, watoto mia nne waliobaki wanakuwa watazamaji wa vijana hamsini, halafu tunashangaa kwanini ile roho ya pamoja haionekani. Haiwezi kuonekana. Mtu hawezi kuipenda timu ambayo haimhitaji.

Kugawa watu

Hausi ziwe nne au sita. Nne kila mmoja akicheza na mwenzake ni mechi 6, sita ni mechi 15, nane ni mechi 28 na hapo ratiba imeshakufa kabla ya midterm. Kama una mabweni nane unganisha mawili mawili upate hausi nne, wala usiumize kichwa.

Usigawe kwa kidato. Kuna shule form one wote wako bweni lao na form six lao, kwa malazi sawa, ina faida zake hasa usalama wa wadogo, lakini kwa mashindano changanya, kila hausi iwe na vidato vyote. Usigawe kwa maksi pia, na usiwaachie wenyewe wachague maana watajipanga kwa mikoa na kwa dini, hilo balaa hutalimaliza. Njia rahisi: chukua orodha ya majina ya form one, pita nayo moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, kila namba ni hausi, umemaliza kwa dakika kumi na hakuna mzazi wa kukupigia simu. Ndugu wa damu waweke hausi moja kama wenyewe wanataka.

Majina, mimi napendelea ya watu waliokufa zamani, wanasiasa walio hai waache, leo anashangiliwa kesho jina linafutwa ukutani. Mkwawa, Mirambo, Isike, Kinjekitile, Mangi Meli, yapo mengi. Halafu kila hausi ijue habari za mtu wake, kwamba Isike alipambana na Wajerumani pale Tabora mpaka 1893, kwamba Mkwawa alijiua 1898 kuliko kushikwa na fuvu lake likarudi Kalenga 1954, kwamba Meli alinyongwa 1900. Yaweke kwenye chemsha bongo, form one ndo wajibu, utashangaa madogo wanavyolishika jina la hausi kama la ukoo.

Pointi

Huu mgao ninaousema ni wa pointi 1000, badilisha kidogo ukitaka ila usiruhusu michezo ipite robo:

usafi 300
taaluma 250
michezo 250
sanaa, mdahalo na chemsha bongo 100
mazingira na huduma kwa jamii 100

Ukiipeleka hii kwenye kikao cha walimu kuna mtu atauliza kwanini usafi uizidi taaluma. Jibu ni kwamba usafi ni wa kila siku, kila mtu anaweza, na hausi ikifagiwa kwenye mpira Jumamosi bado Jumatatu asubuhi ina cha kupigania.

Sasa kuna tatizo la kalenda ambalo ratiba nyingi za kunakili mtandaoni hazilijui. Shule yetu watu wanaingia na kutoka katikati ya mwaka. Form six wanafanya mtihani wa taifa mwezi wa tano wanaondoka, form five wanaingia mwezi wa saba, form four na form two wanakabwa na mitihani kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi kwenda wa kumi na moja. Ukiweka msimu mmoja Januari mpaka Novemba utajikuta nusu ya kikosi hakipo. Gawa misimu miwili, Januari hadi mwanzo wa Mei, halafu Julai hadi katikati ya Oktoba, kila msimu pointi 1000, na za msimu wa kwanza ziingie nusu tu kwenye jumla ya mwaka. Hiyo nusu ina kazi yake: aliyeburuza mkia mpaka Mei bado anaona tumaini, aliyeongoza bado ana faida. Bingwa mtangaze siku ya mahafali ya form four au wiki hiyohiyo, wazazi wapo, ng'ombe tayari kachinjwa, unabanana humohumo kwenye bajeti.

Na angalia Ramadhani kabla hujapanga chochote. 2026 inaanza Februari inaingia Machi, yaani katikati ya msimu wa kwanza kabisa. Mechi saa 10 na nusu jioni juani na nusu ya kikosi kimefunga, hapana. Mwezi ule weka mdahalo, bao, drafti, chesi, usafi unaendelea kama kawaida, mpira na riadha zisubiri mpaka baada ya Idi. Pia mwezi wa nne na wa tano vijana wako wazuri wanaweza kuchukuliwa kwenye kambi za UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, kuanzia wilaya, taifa huwa mwezi wa sita, usiwe na fainali ya mabweni siku ambayo golikipa yuko kambini mkoani.

Usafi, nitakaa hapa kidogo

Ukaguzi mkubwa Jumamosi saa 2 asubuhi, na ukaguzi wa kushtukiza mara moja katikati ya wiki siku ambayo hujamwambia mtu, hata kaka mkuu. Anayekagua ni kamati ya watu watatu, patron wa bweni lingine na viranja wawili wa hausi nyingine, wanazunguka kwa zamu ili asiwepo mtu anayekagua hausi moja muhula mzima mpaka wakazoeana.

Cha kuangalia kiandikwe na kibandikwe mlangoni mapema: vitanda vya deka vimetandikwa juu na chini, vyandarua vimefungwa, matranka yamepangwa mstari mmoja, uvungu, madirisha, mfereji wa nje, bafu, choo, shimo la taka. Kila kimoja alama zake. Mkaguzi asitoe alama kwa macho tu, ukisema "bweni safi, 8 kati ya 10" watasema mmepatana, hiyo ndo mianya ya kelele. Choo peke yake kipe robo ya alama, wavulana watang'arisha sakafu ya bweni mpaka uone sura yako halafu chooni huwezi kuingia.

Na uvungu. Jamani uvungu. Inua godoro la kitanda cha pembeni kabisa, kile cha kona karibu na ukuta, hapo ndo bweni linaficha siri zake zote: soksi zilizosimama zenyewe, sahani ya plastiki ya mesi yenye ugali wa juzi umekauka kama tofali, daftari la mtu mwingine, ndala moja ya kushoto. Mkaguzi akishaangalia kona nne tu amejua bweni zima likoje. Kingine ni ndoo, asubuhi ya ukaguzi utakuta ndoo zote zimepangwa vizuri ila hazina maji, wamemwaga yote kudekia, jioni madogo hawana ya kuoga. Kwa hiyo kwenye shule zenye shida ya maji weka alama kwa mapipa yaliyojaa baada ya usafi, hiyo peke yake inawafundisha kupanga.

Alama zisomwe mstarini palepale Jumamosi, wote wakisikia, choo cha Mirambo 3 kati ya 10, basi. Usiongeze kejeli, kejeli wataongeza wenyewe.

Taaluma bila kuwapa ushindi vipanga wachache

Ukichukua wastani wa hausi, ile iliyobahatika kupata vichwa wanne inaongoza mwaka mzima na wenzao wanakata tamaa. Hesabu waliopanda. Kila mwanafunzi analinganishwa na yeye mwenyewe wa mtihani uliopita, akipanda anahesabiwa, na aliye na wastani wa 75 kwenda juu, yaani A ya O-level, akibaki hapohapo naye anahesabiwa, maana usimwadhibu kwa kukosa pa kupanda. Halafu chukua asilimia siyo idadi. Hausi ya watu 80 waliopanda 52 ina asilimia 65, hausi ya watu 110 waliopanda 66 ina asilimia 60, ukihesabu idadi ungempa wa pili ushindi wakati wa kwanza ndo kafanya kazi. Form one hawana mtihani uliopita, tumia jaribio la mwezi wa pili kama msingi wao.

Kitu kizuri kinachotokea hapa ni kwamba form four mwenye akili zake anaanza kumfuata form two anayeburuza, prepu ya usiku, anamfundisha logi au balancing ya kemia, siyo kwa huruma, anataka pointi. Sawa tu. Dogo kaelewa logi.

Michezo

Mpira utakuwepo, hutaweza kuuzuia, ila kila hausi ilete timu mbili, timu ya kwanza na timu ya pili, na pointi za timu ya pili ziwe sawasawa na za ya kwanza. Hakuna mtu kucheza zote mbili. Andika majina ya wote kwenye karatasi kabla ligi haijaanza, patron asaini, maana mamluki hawako UMISSETA tu, utakuta form six kavaa jezi ya hausi nyingine kwa sababu kaahidiwa chapati. Mamluki akikamatwa timu iliyomchezesha inapoteza mechi 3-0 na mambo yanaisha siku hiyohiyo.

Halafu ongeza ile michezo inayotaka watu wengi. Rilei ya watu 20, kila mmoja mita 100, inakuwa kilometa 2, na sharti watano wawe form one. Kuvuta kamba, na hapa naomba uwe mkali: marufuku mtu kujizungushia kamba mkononi au kiunoni, kamba ikivutwa ghafla inakata vidole kweli, siyo hadithi, na kamba iwe ya katani nene siyo ya nailoni ya kuanikia nguo. Mbio za magunia. Mbio za nyika zipite njia ambayo umeitembea mwenyewe siku moja kabla. Bao na drafti kwa wale wa miwani na wale wasiotaka jasho. Chaki ya kuchora uwanja ikikosekana majivu ya jikoni yanatosha sana, ongea na wapishi mapema wasiyamwage.

Kabla ya yote hayo nenda kwa matron au nesi chukua majina ya wenye selimundu, pumu na kifafa. Hao wasikose kitu cha kufanya, wape saa ya kupimia muda, ubao wa magoli, mdahalo, bao, na pointi yao ihesabike kama ya mwingine. Maji yawepo pembeni ya uwanja na hakuna kumnyima mtu maji eti ajikaze. Mwenye selimundu akipungukiwa maji anaweza kuamka na maumivu usiku huohuo, na mara nyingi mvulana hatasema mpaka hali iwe mbaya kwa sababu hataki kuonekana legelege mbele ya wenzake.

Refa asiwe wa hausi inayocheza. Rufaa ziandikwe, zipokelewe mpaka saa 2 usiku wa siku ya mechi, kamati itoe jibu kesho yake kabla ya chai. Rufaa ikilala siku tatu inaota meno.

Usikate pointi za hausi kwa kosa la mtu mmoja

Hili ndo kosa kubwa la mfumo huu na linafanywa na walimu wenye nia nzuri kabisa. Mwanafunzi katoroka kwenda mtaani kununua chipsi, mwalimu mstarini anasema "Kinjekitile, kwa ajili ya huyu mwenzenu natoa pointi 20". Mwalimu anaenda zake kulala. Taa zikizimwa saa 4 usiku yule mtoto anafunikwa blanketi, anapigwa gizani asijue nani kampiga. Umewapa vijana mia moja sababu, na umeondoka. Na mara nyingi anayefunikwa siyo hata aliyekosa, ni njuka, yaani mgeni wa form one, yeyote aliyechelewa kudeki, kwa sababu yeye ndo hawezi kujitetea.

Kwa hiyo iwe sheria iliyobandikwa: kosa la mtu ni la mtu, linakwenda kwa second master au kamati ya nidhamu kwa njia zake. Hausi inapoteza pointi kwa jambo moja tu, pale hausi yenyewe inapomwonea mtu wake. Njuka akipigwa, akinyang'anywa chakula, akifulishwa nguo za kaka zake usiku, hapo pointi zinakatwa na ziumize, 50 kwa mkupuo, na kiranja wa bweni aeleze alikuwa wapi. Umegeuza kibao, sasa hausi nzima ina sababu ya kumlinda mdogo. Na awepo mtu mzima ambaye dogo anaweza kumwambia bila kupita kwa kiranja, matron mara nyingi ndo anafaa, akisikia "shikamoo mama" ya sauti ya chini mlangoni anajua kuna neno.

Kelele za kushangiliana nazo ziwe na mpaka. Kuimba ruksa, ngoma ruksa, ndoo na masufuria ruksa mpaka mpishi alalamike. Kutukana kabila la mtu, mama wa mtu, au kilema cha mtu, mechi inasimama.

Sanaa na mdahalo haihitaji maneno mengi, Ijumaa moja kila mwezi, igizo la dakika 15, kwaya, ngonjera, mmoja anayejiona msanii wa bongo fleva, na mdahalo mara moja kwa Kiingereza mara moja kwa Kiswahili ili wasiong'ara kwa lugha moja wang'are kwa nyingine. Majaji watoke nje ya mabweni, wapishi wawekwe joponi, wanajua kucheka na hawana hausi. Muda uheshimiwe maana maigizo ya wavulana hayana mwisho, kila mara kuna mlevi na mganga wa kienyeji na wote wawili hawataki kutoka jukwaani.

Miti, madawati na majirani

Kila mwaka kuna siku ya kupanda miti kitaifa. Kila shule inapanda, picha zinapigwa, Agosti ng'ombe wameshamaliza yote. Dawa yake rahisi, usitoe pointi siku ya kupanda. Kila hausi ipande miche 50, iwe na kibao chake, na pointi zitolewe Oktoba kwa kuhesabu iliyo hai. Utawaona wenyewe kiangazi wanabeba maji ya kunawia kutoka mesi kwenda kumwagilia, wanazungushia miiba, na wanalindana zamu kwa sababu wanashuku hausi jirani itang'oa. Pengine ni kweli.

Kwa nje ya shule, chagua kitu kimoja chenye mwisho unaoonekana. Shule ya msingi ya jirani ina madawati yamevunjika, hausi mbili zikatengeneze, misumari na mbao shule itoe, mafundi wapo humohumo, siku zote kuna mtoto wa fundi seremala. Hausi nyingine zikafyeke zahanati, makwanja na majembe mnayo. Anayetoa alama awe mwenyeji, mwalimu mkuu wa pale au mganga mfawidhi, siyo sisi. Na msichukue picha za wagonjwa.

Kuchangia damu kuna watu huwa wanataka kuiingiza kwenye pointi. Msiingize. Wanaoruhusiwa ni kuanzia miaka 18, kwa hiyo ni form five na six wengi wao, na mtu akisukumwa na pointi za hausi anaweza kuficha ugonjwa au kuona aibu kukataa. Timu ya damu salama ikija shuleni anayetaka atoe, hiari yake, hausi haihusiki.

Zawadi

Zawadi iwe ya kuliwa na hausi nzima. Bingwa wa msimu apate pilau na soda Jumapili wenzake wakila makande, inatosha kabisa, harufu tu ya pilau ikipita bwalo lote inafanya kazi kuliko hotuba. Kombe linaweza kuchongwa na fundi wa mtaani kwa mbao, liwe na nafasi pembeni ya kuongeza kibati cha jina kila mwaka. Vyeti vya mtu mmojammoja viwepo lakini visiwe kwa wafungaji tu, toa cha aliyeamka kufagia bila kusukumwa, na hicho wachague wanabweni wenyewe kwa kura ya siri, kiranja haruhusiwi kugombea. Wa mwisho asipewe adhabu. Kuna shule wa mwisho anaoshea bingwa vyombo, wanaita utani, muhula ukiisha siyo utani tena.

Kumbukumbu zote ziwe kwenye kauntabuku moja, kalamu ya wino, siyo karatasi na siyo simu ya mwalimu maana mwalimu anaweza kuhamishwa kesho asubuhi. Kila ukurasa hausi, tarehe, kipengele, alama, saini mbili. Nakala ya jumla ibandikwe karibu na bwalo kila Jumapili jioni ili wajibishanie wenyewe kwenye foleni ya ugali. Mwezi wa kumi na mbili kauntabuku lifungwe, patron wote wasaini ukurasa wa mwisho, likabidhiwe kwa second master pamoja na filimbi, mpira, kamba ya katani na orodha ya njuka wa mwakani ikishatoka.